Shingo Inayowaka Baada ya Kunyoa

Ami,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Msambweni, ila kwa sasa nimepanga chumba Ukunda kwa sababu ya kazi. Ni weita katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Kazini twatakiwa kuingia zamu na uso mtupu, bila hata kivuli cha ndevu, na msimamizi hutupitia mmoja mmoja kabla hatujawaandalia wageni kiamsha kinywa. Kwa hivyo nanyoa kila alfajiri. Natumia wembe wa plastiki wenye nyembe tatu, maji ya kisima cha pale plotini, na sabuni ya kuogea. Siku nikichelewa nanyoa makavu na kukimbilia tuktuk.

Tangu mwaka jana shingo na chini ya kidevu pamejaa vipele. Vingine vina usaha, vingine vimekauka vikaniachia madoa meusi. Kola ya sare ikipagusa naumia, na jioni nikivua shati naona vitone vya damu. Nimehangaika sana. Kinyozi hunipaka spiriti mpaka machozi yanitoke. Mwenzangu kazini akaniambia nisugue ndimu. Dada yangu akaninunulia krimu ya tyubu dukani. Wiki ya kwanza vipele vilinywea, nikafurahi, kisha vikarudi vingi kuliko mwanzo. Mama yeye asema ni kwa kuwa nimeacha sunna, nifuge ndevu yaishe. Lakini nikifuga, nitakula wapi?

Na mfunguo tatu, baada ya Idi ya kuchinja, inshallah naoa. Sitaki kukaa mbele za watu na shingo hii. Huu ni ugonjwa, Ami? Nibadilishe sabuni, au wembe?

Weita, Ukunda

Mwanangu, Mwenyezi Mungu akufikishe salama siku ya nikaha.

Ulicho nacho kina jina hospitalini. Madaktari hukiita pseudofolikulitisi ya ndevu. Hakiambukizi, hakikutokana na uchafu, na wala hujalaaniwa. Ni ndevu zako mwenyewe zinazorudi ndani ya ngozi. Udevu wa mtu mwenye nywele za kipilipili hauchomozi wima. Kitundu unakotokea kimepinda kule chini, nao hutoka umepinda vilevile, kama ndoana. Ukikatwa kwa wembe hubaki na ncha kali ya mshazari. Siku moja au mbili baadaye ncha ile hukua, hujikunja, na kuichoma ngozi hatua ndogo tu kutoka pale ulipotokea. Mwili huuona kuwa kitu kigeni, huukimbizia damu na chembe za ulinzi, na hapo panavimba, panawasha, na mara nyingine panatunga usaha.

Iko njia ya pili, nayo ina madhara zaidi. Udevu ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, hauna haja hata ya kutoka nje kwanza. Hukua humo humo ndani, ukatoboa ubavu wa kitundu chake na kuingia kwenye nyama. Hiyo ndiyo kazi ya wembe wako wa nyembe tatu. Wembe wa mbele huudaka udevu na kuuvuta juu kidogo. Kabla haujarudi mahali pake, wa pili na wa tatu huukata. Ukiachiwa, unanywea chini ya ngozi. Ukipapasa kidevu unaona pamekuwa laini kabisa, unaridhika, unapanda tuktuk. Kesho yake maumivu yanaanza.

Kampuni ya Gillette ilianza kuuza wembe wake wa kubadilisha mwaka 1903, na ulikuwa wembe mmoja mwembamba wenye makali pande mbili, ule ambao babu zetu waliufunga kwenye kishikio cha chuma. Nyembe mbili kwenye kichwa kimoja zilikuja mwaka 1971, tatu mwaka 1998, tano mwaka 2006. Kila mara ahadi ilikuwa ile ile, kwamba uso utakuwa laini zaidi. Kwa mwanamume mwenye ndevu zilizonyooka ahadi hiyo haina ubaya mkubwa. Kwa mwanamume wa kwetu Kwale mwenye ndevu za kipilipili inamletea hasara ya ngozi, na hakuna anayemwambia, kwa sababu kwenye pakiti hakuna picha ya shingo inayofanana na yake.

Hali hii imechunguzwa sana katika jeshi la Marekani, ambako wanajeshi weusi walilazimishwa kunyoa kila siku kama wewe, shingo zikaharibika kama yako, mpaka madaktari wa jeshi wakawa wanawaandikia ruhusa ya kutonyoa. Mwaka 2004 watafiti walieleza badiliko dogo kwenye jeni moja ya keratini inayojenga ala ya unywele; mwenye badiliko hilo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata vipele hivi akinyoa. Nakutajia haya ili uache kujilaumu, na ili uelewe kwa nini mwenzako wa zamu anaweza kunyoa kwa wembe ule ule na maji yale yale akatoka salama. Umbile lenu si moja.

Basi swali lako ni kama ubadilishe sabuni au wembe. Vyote viwili utabadilisha, lakini kabla ya hivyo badilisha unachokitafuta kwenye kioo. Uso mtupu kabisa, wa kuteleza kidole, usiutafute tena. Tafuta uso nadhifu wenye udevu uliobaki juu ya ngozi kwa kiasi cha milimita moja hivi. Mgeni aliyeketi mezani akisubiri chai yake hawezi kuuona. Ngozi yako inaujua, kwa sababu udevu uliobaki juu hauna njia ya kutoboa kutoka ndani, na ukipata ukubwa kidogo huchomoka wenyewe pale ulipojichoma.

Lakini huwezi kuanza hapo leo, na shingo ikiwa na usaha na vitone vya damu. Kwanza ipumzike. Wembe usipite kabisa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Ndevu hukua kama theluthi moja ya milimita kwa siku, maana yake mwezi mmoja unakupa karibu sentimita moja, na zikifika urefu huo nyingi ya zile zilizozama huchomoka. Onyo moja: wiki ya kwanza na ya pili mambo huzidi kuwa mabaya kabla hayajatulia, maana ndevu zinazokua zinaendelea kujichoma. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwenye wembe. Wewe usirudi.

Utaupata wapi mwezi huo, na kazi yako ni hiyo? Unajua kuliko mimi jinsi Diani inavyokuwa masika yakianza. Wageni hupungua, vyumba hufungwa, na wafanyakazi hupelekwa likizo mwezi wa nne na wa tano. Omba likizo yako ya mwaka iangukie hapo, na uiombe mapema kabla wenzako hawajaiwahi. Ukitoka likizo utakuwa karibu na arusi, na ngozi itakuwa imetulia. Na ikiwa una nia ya kuchinja, unajua kwamba mwenye nia hiyo hanyoi wala hakati kucha tangu mwezi wa mfunguo tatu uandame mpaka achinje. Siku hizo nazo ni mapumziko ya shingo.

Katika mwezi huo wa kuziacha ndevu, osha shingo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato makali, asubuhi na jioni. Chukua kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto ya kustahimilika, ukibandike kwa dakika kama kumi, kisha usugue polepole kwa mzunguko ukitumia kitambaa hicho au mswaki laini mpya usioutumia kwa kazi nyingine. Hiyo huzitoa ncha ambazo zimeingia juu juu tu. Unapotawadha, usiache takhlili, ule mtindo wa kupitisha vidole vilivyolowa katikati ya ndevu. Mara tano kwa siku utakuwa unazinyanyua ndevu zisijilaze kwenye ngozi, na thawabu unaipata. Ukiona udevu umefanya kitanzi, ncha imezama na mgongo uko nje, pitisha sindano iliyochemshwa chini ya kile kitanzi ukiinue kitoke. Inua tu, usiung'oe. Udevu uliong'olewa huota upya ukitokea chini kabisa, na njiani hutoboa tena. Vipele vya usaha usivikamue.

Dawa mbili za kemisti zinaweza kusaidia, na zote hutumiwa pia kwa chunusi. Moja ni benzoili peroksaidi, ya asilimia 2.5 au 5, inayopunguza vimelea na usaha. Ipake jioni, kidogo tu, na ujue kwamba hupausha rangi ya nguo. Sare ya hoteli na foronya za mama zitaharibika usipoangalia. Ya pili ni adapalini, nayo ni ya usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa shingo nzima, kuanzia usiku mmoja ukiacha mmoja kwa kuwa mwanzoni hukausha ngozi. Usianze zote mbili kwa pamoja. Anza na moja, uione wiki tatu nne.

Sasa hiyo krimu ya tyubu. Chukua pakiti yake usome. Ukikuta klobetasoli au betamethasoni, hasa ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria humo humo, basi umekuwa ukijipaka steroidi. Ndiyo maana wiki ya kwanza vipele vilinywea: steroidi huzima uvimbe. Udevu uliozama haikuugusa, ulibaki pale pale. Ukiendelea nayo, ngozi ya shingo hukonda, mishipa midogo huonekana, vimelea hupata nafasi, na ukiiacha kila kitu hurudi kwa nguvu. Krimu hizi zina mahali pake, na daktari anaweza kukupa iliyo dhaifu kwa siku chache. Mahali pake si rafu ya duka, kati ya sabuni na mafuta ya nywele, zikiuzwa bila swali. Nasikitika kila nionapo kijana wa Ukunda ana uso uliopauka na kuiva kwa sababu ya tyubu aliyoambiwa ni ya chunusi. Ikiwa umeitumia kwa miezi mfululizo, usiikate ghafla kabla hujaongea na mhudumu wa afya. Na ikiwa kwenye pakiti imeandikwa hidrokwinoni au kuna ahadi ya kukufanya mweupe, itupe. Shirika la Viwango la Kenya lilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki.

Ndimu nayo iache kabisa, na nakuomba uwaambie wenzako kazini. Asidi yake huchoma jeraha, hilo mnalihisi wenyewe. Msilolijua ni kwamba maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza kweli kweli. Hutoa malengelenge au, mara nyingi zaidi kwa ngozi yetu, hubandika weusi unaokaa miezi. Mtu anayesugua ndimu alfajiri na kwenda kubeba sinia juani kwenye bwawa la kuogelea hadi saa nane anajitengenezea madoa anayotaka kuyaondoa.

Spiriti haijafanya la maana lolote kwenye shingo yako. Inakausha ngozi iliyochubuka, ngozi kavu hukaza, na udevu hupata shida zaidi ya kutoka. Kazi yake halali ni kwenye mashine ya kinyozi. Shabu, lile jiwe jeupe linalouzwa kwa wauza dawa za kiarabu Mombasa, haina ubaya ikitumika kwa kiasi: ukijikata, liloweshe jiwe ulibandike pale pale, damu hukata. Kusugua uso mzima kila siku si lazima. Na usiazimane jiwe lako na mtu.

Baada ya mwezi, ngozi ikiwa imetulia, njia ninayoipendelea kwako ni mashine ya umeme ya kukatia nywele na si wembe. Nunua yako, ndogo ya betri, isiyo ya bei kubwa. Ipitishe bila kuikandamiza, na usivute ngozi. Mashine iliyo wazi, bila kofia ya namba, huacha kama nusu milimita. Ikiwa hata hiyo inakuletea vipele, weka kofia fupi kuliko zote. Ukipitisha kila siku moja ukiacha moja, uso utaonekana safi. Jaribu kwanza wakati wa likizo, ujipige picha kwenye mwanga wa mchana ukiwa umesimama umbali wa mgeni, uone kama kuna kinachoonekana. Picha hiyo itakufaa kwa msimamizi.

Na iwapo ni lazima wembe, basi unyoe kwa maji, na unyoe vizuri. Hapa nitakaa kidogo, maana pwani yetu ina shida yake mahsusi, nayo ni maji.

Diani na Ukunda zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya visima vingi vya huko yamejaa chokaa, na yaliyo karibu na bahari yana chumvi juu yake. Maji ya namna hiyo hayakubali sabuni. Unasugua, povu halitoki, badala yake unapata ule utando mweupe unaong'ang'ania ndoo na ngozi. Wembe ukipita juu ya utando huo hautelezi. Unakwama, unakwangua, na wewe unakandamiza zaidi. Ninaamini nusu ya taabu yako iko kwenye ndoo. Chemsha maji yako mpaka yachemke sawasawa, si kupasha tu. Sehemu kubwa ya ile chokaa hujitenga ikashika sufuria, ndiyo yale magamba meupe unayoyaona ndani ya birika. Yaache yatulie, umimine ya juu. Chumvi haitoki kwa kuchemsha, kwa hivyo kama kisima chako ni cha chumvi, kinga maji ya mvua masika haya, uweke mtungi mmoja kwa ajili ya uso. Lita moja yakutosha kunyoa. Sabuni ya kipande ya kuogea iache. Tumia krimu ya kunyolea ya tyubu, au ile ya kopo inayotoka povu. Zipo kwenye supamaketi za Diani. Ukitaka manukato, jipake kwenye nguo. Kwenye shingo chagua isiyonukia.

Nyoa usiku baada ya kuoga, usinyoe alfajiri. Ukinyoa usiku ngozi inapata saa saba nane za kutulia kabla ya jasho, kola na jua. Najua utasema asubuhi kivuli kitakuwa kimeanza kurudi. Hata theluthi ya milimita ya siku nzima haitakutia aibu.

Loweka uso kwa maji ya moto kiasi kwa dakika tatu, au bandika taulo lililokamuliwa. Udevu mkavu ni mgumu kukata. Ukishanywa maji hulainika na kukubali makali bila kuvutwa. Paka povu kwa brashi au vidole, ukizungusha ili ndevu zinyanyuke, na uliache dakika moja mbili kabla ya kugusa wembe. Matone mawili ya mafuta ya nazi chini ya povu huongeza utelezi. Kwa baadhi ya watu mafuta hayo huziba vitundu na kuleta chunusi, kwa hivyo yajaribu upande mmoja wa shingo kwanza.

Kabla hujaanza, ujue ndevu zako zinaelekea wapi. Papasa kwa kidole: upande unaoteleza ndio uelekeo wake, unaokwaruza ni kinyume. Mashavuni huelekea chini. Shingoni hugeuka, mara nyingine upande mmoja hupanda juu na mwingine hulala kwa ubavu. Wengi huharibikiwa shingoni kwa sababu hupitisha wembe kutoka chini kwenda juu pote pale, kwa mazoea. Fuata uelekeo. Tumia wembe mmoja, ama ule wa pande mbili ndani ya kishikio cha chuma, ama wa plastiki wenye wembe mmoja. Mapito mafupi, uzito wa wembe wenyewe unatosha, na mkono wa pili usivute ngozi, kwa sababu ukivuta na kuachia udevu unanywea ndani. Suuza wembe kila mapito mawili. Mahali ulipokwisha kupita usirudie. Ukibakisha kivuli, kibaki.

Ukimaliza mwagia maji baridi, gusagusa kwa taulo safi bila kusugua, upake losheni isiyo na manukato au utomvu mbichi wa shubiri ikiwa unao uani na haukuwashi. Asubuhi ukienda juani, paka krimu ya kukinga jua. Madoa meusi uliyo nayo ni alama za uvimbe uliopita, na kila siku ya jua huyatia rangi upya. Hufifia yenyewe kwa miezi mingi mradi vipele vipya visije. Nikikuambia kwamba kufikia arusi yatakuwa yameisha yote nitakuwa nakudanganya.

Wembe ubadilishe baada ya kunyoa mara tano au saba, na pwani usiuache bafuni ulowe. Hewa yetu ya chumvi huyafanya makali kuwa butu na kushika kutu upesi. Ukung'ute, ukauke, uuweke chumbani.

Kuhusu kinyozi sina maneno mengi ila haya ni mazito. Wembe uwe mpya, aufungue ukiona. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba na bado vikaambukiza, na wewe unakwenda ukiwa na vidonda vilivyo wazi. Mashine yake aisafishe kwa spiriti au jiki iliyochanganywa ipasavyo kabla haijakugusa. Na usimruhusu kukuchonga shingo ya nyuma mpaka ngozi, maana huko nako huota vivimbe vigumu ambavyo vikikomaa huwa makovu makubwa yasiyotibika kwa urahisi.

Tuje kwa msimamizi wako. Sikushauri umkabili kwa hasira, wala uanze kumtajia sheria. Nenda kwanza kliniki uandikiwe barua inayoeleza hali yako kwa maneno machache na kuomba uruhusiwe kubakiza ndevu za milimita moja mpaka tatu. Barua hiyo ipeleke kwa ofisi ya wafanyakazi, pamoja na picha ile uliyojipiga baada ya kupitisha mashine. Weita mwenye vidonda na usaha shingoni akiinama juu ya sahani ya mgeni ni tatizo la usafi kwa hoteli pia, nalo wanalielewa. Ujue vilevile kwamba hauko peke yako katika kuomba hivi. Mwaka 1993 mahakama moja ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba sharti la kukataza ndevu katika kampuni ya kuuza pizza liliwaumiza zaidi wanaume weusi wenye hali hii hii, na kwamba kampuni haikuonyesha hitaji la kibiashara la kulishikilia. Na Jeshi la Nchi Kavu la Uingereza liliruhusu askari wake wafuge ndevu nadhifu mwezi Machi 2024. Hukumu ya Marekani haina nguvu Diani. Lakini meneja anayejua kwamba hata jeshi limelegeza, hupata ujasiri wa kulegeza.

Mama yako naye asikilizwe. Kwa upande wa ngozi, amekupa tiba iliyo bora kuliko zote nilizotaja: mwenye kuziacha ndevu zikue hupona karibu kabisa. Hilo la sunna ni baina yako na Mola wako, na kama moyo wako uko huko, liseme wazi kazini, kwa kuwa kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Ila mwambie mama, kwa upole, kwamba vipele si adhabu. Wapo wacha Mungu wanaoharibikiwa shingo, na wapo wasiofuga walio na ngozi safi.

Kwa ajili ya arusi: wiki ya mwisho usijaribu kitu chochote kipya, iwe losheni, dawa au wembe. Ikiwa kwenu kinyozi huja kumnyoa bwana arusi mbele ya watu, mwite siku mbili kabla mkubaliane kwamba shingo ataipitishia mashine, wembe atautumia kwenye kingo za mashavu tu, na spiriti ataiacha kwake. Krimu za kuyeyusha nywele ni njia nyingine, kwa vile huacha ncha butu badala ya kali, lakini huchoma ngozi nyeti; ukizitaka, zijaribu mkononi wiki kadhaa mapema, usizizidishe dakika zilizoandikwa, na usizitumie zaidi ya mara moja kwa wiki. Iko pia leza, ile ya Nd:YAG ndiyo inayofaa ngozi nyeusi, huua mzizi wa udevu taratibu kwa vikao kadhaa. Bei yake ni kubwa na utaisafiria mjini, kwa hivyo iweke akilini kwa baadaye ikiwa haya mengine yote yatashindwa.

Kwa barua na uchunguzi nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Msambweni, uulize kliniki ya ngozi. Unaweza kupokewa na afisa wa kliniki badala ya daktari bingwa. Usikate tamaa, miongoni mwao wapo waliosomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo cha Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambacho kimekuwa kikiwafundisha watu wa Afrika Mashariki na kwingineko tangu miaka ya 1990. Usingoje likizo ikiwa una homa, ikiwa uvimbe una joto na unasambaa, ikiwa makovu yanakua na kuwa magumu, au ikiwa una kisukari. Na kama uwekundu una umbo la duara lenye magamba pembeni, au ndevu zinang'oka zenyewe ukizigusa, hiyo huenda ni choa, fangasi ya ndevu, nayo hutaka vidonge. Yote niliyokueleza juu ya wembe hayataiponya. Ili kuipima, wahudumu hukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa hadubini, kwa hivyo siku chache kabla ya kwenda usipake dawa ya fangasi kwenye shingo, maana huificha.